Mtoto Anapougua Ghafla: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kujua Saa ya Kukimbilia Hospitali

Wazazi wengi wanaofika zahanati usiku huanza kwa kusema, "Mtoto ana homa kali." Ni maneno ya kweli, lakini hayamwelezi mhudumu ukubwa wa ugonjwa, kwa sababu joto la mwili peke yake ni kipimo dhaifu. Mtoto mwenye nyuzi 39 anayenyonya, anayelia kwa nguvu na kumfuata mama yake kwa macho mara nyingi ana nafuu kuliko mtoto asiye na joto lolote ambaye amelegea begani na ameliacha titi tangu asubuhi. Kwa hiyo mwongozo huu haukuanza na kipimajoto. Umeanza na yale ambayo mtoto anayafanya na yale aliyoacha kuyafanya, kisha unakwenda dalili kwa dalili, kwa kufuata malalamiko yanayoletwa zaidi na wazazi wa watoto wa chini ya miaka mitano.

Dalili nne zinazokatisha ukaguzi wowote

Kabla ya kutafuta chanzo cha ugonjwa, hakikisha kwanza kwamba mtoto hana mojawapo ya dalili hizi za hatari. Ukiikuta hata moja, usiendelee kusoma sehemu zinazofuata; mpeleke kwenye kituo cha huduma wakati huohuo, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila kitu anachopewa, pamoja na maji na dawa.
- Amepata degedege katika ugonjwa huu, au anakakamaa na kutetemeka sasa hivi.
- Amelegea kupita kawaida, haamki vizuri au hajitambui.

Dalili ya kwanza ndiyo inayowachanganya wazazi, kwa sababu karibu kila mtoto mgonjwa hupunguza kula. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto asiyetaka na mtoto asiyeweza. Safisha pua yake kama imeziba, mkalishe vizuri, kisha mpe titi au kijiko cha maji ukiwa unamtazama mdomo. Asiyetaka atageuza uso, atalia, pengine atafunga mdomo kwa nguvu, na hizo zote ni nguvu. Asiyeweza hukaa na chuchu mdomoni bila kuvuta, au maji humtoka pembeni mwa mdomo bila kumezwa. Kwa dalili ya nne, mwite kwa jina lake la nyumbani, piga makofi karibu naye, msuguesugue nyayo. Mtoto aliyelala usingizi wa kawaida atakasirika, ilhali aliyelegea kwa ugonjwa atafumbua macho bila kukuangalia au hatayafumbua kabisa.

Dalili: mwili una joto

Homa huhesabiwa pale kipimajoto cha kwapani kinaposoma nyuzi 37.5 au zaidi. Mpangilio wa vyanzo vyake hutegemea mahali unapoishi. Mafua na maambukizi mengine ya virusi ya njia ya hewa ndiyo yanayoongoza karibu kila mahali. Kwa mtoto wa Kigoma, Geita, Lindi au Mtwara malaria inafuata kwa karibu sana, wakati kwa mtoto wa Moshi au Arusha mjini ambaye hajasafiri malaria hushuka chini kwenye orodha. Baada ya hapo huja nimonia, kuhara, maambukizi ya njia ya mkojo, maambukizi ya sikio, surua, na mwisho homa ya uti wa mgongo, ambayo hutokea mara chache lakini huua haraka.

Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu mazoea yetu ya kuita kila homa malaria yamegharimu watoto. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, uliikuta malaria kwa mtoto mmoja tu katika kila kumi, huku zaidi ya nusu wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Mzazi anayenunua dawa ya mseto dukani bila kipimo anaweza kuwa anatibu malaria isiyokuwepo huku nimonia ikizidi kukomaa kifuani.

Anza na ukaguzi mwepesi. Mvue mtoto sweta na kanga za ziada, kwa kuwa mtoto aliyefungwa nguo tatu mchana wa Februari atakuwa na joto hata akiwa mzima. Hesabu pumzi zake kwa namna iliyoelezwa kwenye sehemu ya kikohozi. Angalia masikio kama yanatoa usaha, na angalia kama analia kila anapokojoa. Tazama ngozi kama ina vipele. Vipele vinavyoambatana na macho mekundu, mafua na kikohozi vielekeze mawazo kwenye surua, hasa kama kadi ya kliniki inaonyesha kwamba chanjo ya miezi 9 au ya miezi 18 ilirukwa. Kisha fungua kiganja chake ukilinganishe na chako kwenye mwanga wa jua. Kiganja kilichopauka kama karatasi ni dalili ya upungufu mkubwa wa damu, ambao malaria huweza kuuleta kwa siku chache, na mtoto huyo anahitaji hospitali yenye uwezo wa kuongeza damu.

Hatua inayofuata ni kipimo cha haraka cha malaria, na kifanyike siku ileile homa inapoanza au kesho yake, bila kusubiri ya tatu. Kipimo kikionyesha malaria na mtoto akaandikiwa dawa ya mseto, dozi zake ni sita kwa siku tatu: ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazobaki asubuhi na jioni. Itolewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uifyonze vizuri. Akiitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo inapaswa kurudiwa, kwa hiyo rudi kituoni upewe nyingine badala ya kuazima kidonge cha kesho. Kosa linalojirudia zaidi ni kuacha dawa siku ya pili kwa kuwa mtoto ameanza kucheza, na vidonge vilivyobaki huwekwa juu ya kabati vikimsubiri mgonjwa mwingine.

Parasetamo hushusha joto na maumivu, haitibu chanzo. Itolewe kwa kipimo cha uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa saa 24. Aspirini asipewe mtoto. Jambo la kuogopa ni faraja inayoletwa na parasetamo: joto linashuka saa mbili, familia inalala, na malaria inaendelea na kazi yake. Ukitaka kujua kama ana nafuu, tazama kama ameanza kunyonya na kutazama watu.

Acha ukaguzi na uende hospitali kama shingo imekakamaa au utosi umevimba, kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, kama homa ipo bado siku tatu baada ya kuanza matibabu, au kama imemwandama kila siku kwa zaidi ya siku saba.

Dalili: degedege

Hapa kwanza ni mikono yako, maswali yatafuata. Mlaze mtoto chini kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni, na angalia saa. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Meno yatavunjika au njia ya hewa itaziba. Usimnyweshe dawa wala maji mpaka awe amezinduka kabisa. Usimmwagie maji ya baridi.

Chanzo cha kawaida zaidi kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ni homa yenyewe kupanda, na degedege la namna hiyo mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika tano. Chanzo cha pili, na katika maeneo yenye malaria nyingi ndicho cha kukifikiria mara moja, ni malaria iliyopanda kichwani. Vingine ni sukari ya damu kushuka kwa mtoto aliyekaa muda mrefu bila kula, homa ya uti wa mgongo, na kifafa kwa mtoto anayerudiwa na hali hii bila homa. Nyumbani huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana degedege la mara ya kwanza, hata likiisha kwa dakika moja na mtoto akaomba uji, linapelekwa hospitali. Likipita dakika tano, likirudia kabla hajazinduka, au likimwacha bila fahamu, kila dakika unayoipoteza ina uzito.

Pwani na sehemu nyingine nyingi za nchi, degedege limesimuliwa kwa vizazi kama jambo la shetani au la ndege apitaye usiku juu ya mtoto, na tiba yake imekuwa kufukiza moshi na kuoga dawa. Siandiki haya kwa kuwadharau mabibi wanaofanya hivyo, kwani wengi wao ndio waliotulea, na wao ndio wanaoona degedege kwanza mama akiwa shambani. Ombi langu kwao ni moja: anayefukiza na aanze kwa kumtuma mtu aite bodaboda. Ipo pia imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Imani hiyo ilijengwa na macho ya watu waliowaleta watoto siku ya tatu, wakiwa mahututi, wakachomwa sindano na kufariki saa ileile. Ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi kabla ya sindano. Sindano ya atesuneti ndiyo dawa ya kuanzia kwa malaria kali, na hufanya kazi zaidi kadiri mtoto anavyofikishwa mapema.

Dalili: kikohozi au kupumua kwa shida

Vyanzo, kuanzia kilicho cha kawaida, ni mafua, nimonia ambayo wengi huiita kichomi, kubana kwa kifua kunakotoa mlio wa filimbi, malaria au upungufu wa damu unaomfanya mtoto ahemehe bila kikohozi kikubwa, kitu kilichokwama njia ya hewa kama punje ya karanga, na kifua kikuu kwa kikohozi kilichopita siku 14.

Mafua na nimonia hutenganishwa na hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Subiri mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya hesabu haina maana. Pandisha nguo mpaka kifua na tumbo vionekane, weka saa ya simu dakika moja kamili, na hesabu kila tumbo linapopanda. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa watoto hupumua kwa mafungu. Pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano. Namkumbuka baba aliyeingia na mtoto wa mwaka na miezi minne, akakunjua mkono wake na kunionyesha namba 58 aliyoiandika kwa kalamu kiganjani ili asiisahau njiani. Hakunieleza kitu kingine, na sikuhitaji kingine ili kumpitisha mbele ya foleni.

Ukimaliza kuhesabu, tazama sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto anapovuta hewa, sehemu hiyo kwa kawaida hutanuka. Ikibonyea kwenda ndani kila anapovuta, mapafu yanapambana. Sikiliza pia kama anakoroma au anatoa sauti kavu ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia.

Mwenye mafua, pumzi za kawaida na nguvu zake zote atibiwe nyumbani kwa kunyonyeshwa mara nyingi, vinywaji vya vuguvugu na kusafishwa pua. Hahitaji kiuavijasumu, na dawa za kikohozi za kulevya hazimfai. Mwenye pumzi za haraka apelekwe siku hiyohiyo. Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka, na mtoto hurudi nyumbani. Mwenye kifua kinachobonyea, midomo ya bluu, sauti ya kukwaruza au dalili yoyote ya zile nne anahitaji hospitali yenye oksijeni. Aliyepaliwa ghafla akiwa anakula na hawezi kulia wala kukohoa asisubiri gari: wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni kati ya mabega mara tano, kisha mgeuze umkandamize kifuani kwa vidole viwili mara tano, ukirudia huku msaada ukitafutwa.

Kimeo hakisababishi kikohozi. Ni kinyama cha kawaida ambacho kila mtu anacho kooni, na kukikata kumesababisha watoto kuvuja damu na kupata maambukizi, huku nimonia iliyowapeleka kwa mkataji ikibaki palepale.

Dalili: kuhara na kutapika

Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi, rota akiwa miongoni mwao kwa mtoto aliyekosa chanjo ya wiki ya 6 na ya 10. Hufuata bakteria wa maji na chakula, kuhara damu, kipindupindu hasa wakati wa mvua, na kwa nadra utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, ambapo mtoto mchanga hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika rangi ya kijani na kutoa choo chenye damu na ute. Hilo la mwisho ni la upasuaji. Hakuna cha kujaribu nyumbani.

Kinachoua katika kuhara ni maji yanayotoka, kwa hiyo pima upungufu wa maji kabla ya kuuliza aina ya mdudu. Macho yameingia ndani? Anakunywa kwa pupa na kukamata kikombe? Finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, kisha iachie. Ngozi yenye maji hurudi mara moja. Ikirudi polepole, maji yamepungua na anatakiwa kunyweshwa akiwa kituoni chini ya uangalizi. Ikibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa kwa zaidi ya sekunde mbili, na mtoto amelegea au hawezi kunywa, ni dharura ya kuongezewa maji kwa mshipa.

Asiye na dalili hizo atibiwe nyumbani, na hapa makosa ni mengi. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ya lita moja huchanganywa yote kwa mara moja katika lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za maji za nusu lita. Anayekoroga kijiko kimoja cha unga kwenye glasi, au anayeongeza sukari na soda, anaweza kuzidisha kuhara. Mchanganyiko ukipita saa 24 umwagwe. Mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo kama hajafika miaka miwili, na 100 hadi 200 kama amevuka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Pamoja nayo mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa wa chini ya miezi 6 na 20 kwa aliyezidi hapo, na usiikatishe kuhara kunapokoma. Aendelee kunyonya na kula. Dawa za kufunga tumbo asipewe kabisa.

Vinundu vyeupe vinavyoonekana kwenye fizi za mtoto anayehara, ambavyo watu huviita meno ya plastiki, ni meno yake mwenyewe ambayo hayajatoka. Anayeyang'oa kwa kisu au spoku ya baiskeli anafungua mlango wa kutokwa damu na wa sumu kuingia mwilini, kwa mtoto ambaye tayari ameishiwa maji. Nimewaona watoto hao wakiletwa, na hakuna kinachoniuma zaidi ya kumsikia mama akisema alilipia.

Choo chenye damu, na kuhara kuliofika siku 14, vinahitaji mhudumu.

Mtoto wa chini ya miezi miwili

Kwake hakuna hatua ya nyumbani. Karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani hutokea katika siku 28 za mwanzo, na mtoto mchanga hudhoofika kwa saa chache tu. Mpeleke mara moja akiacha kunyonya vizuri, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akiwa wa baridi chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi ukihesabu mara mbili, akijitikisa pale tu anapoguswa, au kitovu kikiwa chekundu mpaka kwenye ngozi ya pembeni. Umanjano unaoonekana siku ya kwanza ya kuzaliwa, au uliofika viganjani na nyayoni, nao ni wa hospitali. Jua la asubuhi halitoshi. Njiani mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike kwa kanga, na umnyonyeshe kama anaweza.

Kukonda, au kuvimba miguu yote miwili

Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, fikiria unyafuzi, ambao wengi huuita kwashakoo; mtoto huyo anaweza kuonekana mnene kumbe ni mgonjwa sana. Mkanda wa kupima mkono, kwa umri wa miezi 6 hadi 59, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Usimlazimishe milo mikubwa ya ghafla nyumbani, kwa sababu mwili wake hauwezi kuipokea. Lishe yake huanza kwa kipimo maalumu kituoni.

Mkiwa mnaondoka

Huduma za watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali Tanzania hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera, na ingawa dawa huweza kukosekana, kuonwa na kupimwa kusisubiri fedha zipatikane. Chukua kadi ya kliniki na vifungashio vya kila dawa aliyopewa, pamoja na ya mitishamba, na useme ukweli wa dawa hizo hata kama unaogopa kufokewa. Ukifika usikae mwisho wa foleni ukisubiri kuulizwa. Nenda dirishani na uanze na dalili ya hatari, kabla ya siku ugonjwa ulipoanza na kabla ya neno homa: "Nesi, mwanangu hawezi kunyonya tangu alfajiri." Kama hujasikilizwa, rudia kwa mhudumu mwingine, ukiwa umemfunua mtoto kifua.